Nyumba ya miti na udongo: mwongozo kamili wa kuijenga ikae

Ukipita vijiji vya mwambao, kuanzia Lamu na Kilifi hadi Pangani, Kilwa na Lindi, utakuta nyumba mbili za miti zilizojengwa mwaka mmoja, kwa miti ya msitu mmoja, pengine hata na fundi mmoja. Moja imesimama wima na wajukuu wamezaliwa humo. Nyingine imelala ubavu, imeegemezwa magogo. Majirani watakuambia ya pili imeliwa na mchwa, na ni kweli, ila mchwa alikuja wa pili. Wa kwanza alikuwa maji. Nyumba ya miti hufia miguuni, pale nguzo inapoingia ardhini. Paa likivuja utaezua uezeke upya. Ukuta ukipasuka utakandika. Nguzo ikioza shingoni, yaani usawa wa ardhi, hapo ndipo nyumba inapoanza kukuaga.

Nyumba yangu ya kwanza niliijenga kwa haraka kwa sababu masika yalikuwa yanakaribia. Nilichimba mashimo, nikasimamisha nguzo, nikashindilia udongo uleule niliouchimbua, kisha nikakandika kuta mpaka chini kabisa zikagusa ardhi. Mwaka wa nne nilivuta mlango wa uani, na mwimo mzima ukaja nao. Kilichobaki ndani ya shimo kilikuwa unga. Yaliyomo humu ni yale niliyojifunza tangu siku hiyo, kwa mafundi wazee na kwa mikono yangu.

Ujenzi huu si wa juzi. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti ya miti iliyotangulia, na mabaki hayo yanarudi hadi karne ya 8. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji kwa uzuri wake, na kwa maelezo yake majengo hayo yalikuwa ya miti, yameezekwa kwa majani. Basi yeyote anayekuambia nyumba ya miti ni ya mtu aliyeshindwa kununua tofali, mwambie kwa adabu kwamba hajui historia ya kwao.

Panga kalenda kwanza

Kosa kubwa ni kuanza pale pesa inapopatikana badala ya pale msimu unaporuhusu. Kwa pwani ya Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, mimi hupanga hivi: miti inunuliwe Juni, masika yakishakatika. Fremu na paa visimame kati ya Julai na Septemba. Kisha iache nyumba hivyo hivyo, mifupa chini ya paa, ipigwe na vuli. Watu hushangaa nikisema hivi, lakini vuli itakuonyesha bure wapi paa linavuja, maji ya kiwanjani yanatoka wapi yanaelekea wapi, na nguzo ipi imetitia. Ukandike Januari, kaskazi ikivuma na jua ni kali, ili kuta ziwe zimekauka kabla masika hayajaingia mwezi Machi.

Lindi na Mtwara mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Huko hesabu inabadilika: miti Mei, paa Juni na Julai, na kukandika kuishe kabla ya Oktoba.

Kiwanja na ramani

Tafuta sehemu iliyoinuka kidogo. Kama kiwanja ni bapa, utakiinua wewe, na nitaeleza jinsi. Epuka kichuguu hai, na epuka kukaa chini ya mnazi, maana nazi ikianguka kwenye makuti inapita hadi kitandani. Kama uko ndani ya mipaka ya mji au manispaa, uliza kwanza kama makuti yanaruhusiwa. Halmashauri nyingi zinayakataa kwa sababu ya moto, na ni bora ulijue hilo kabla ya kushona kuti la kwanza.

Mfano nitakaoutumia ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba vinne. Mbele ina upana wa mita 7.5, kwenda nyuma mita 6. Katikati unapita ukumbi wa mita 1.5 kutoka mlango wa mbele hadi uani, na kila upande wa ukumbi una vyumba viwili vya mita 3 kwa 3. Mbele weka baraza, nyuma ua wenye jiko na choo. Jiko likae mbali na nyumba. Paa la makuti likishika moto halisubiri mtu atafute ndoo.

Vipimo hivi nimevichagua kwa makusudi. Chumba cha mita 3 ndicho boriti inachokimudu bila kupinda. Hata zile nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina vyumba vyembamba kwa sababu hiyohiyo, boriti ya dari haikuweza kuvuka zaidi. Na kuna faida nyingine utakayoiona tukifika kwenye paa.

Kupima, piga vigingi vinne na kamba. Kona iwe ya mraba: kutoka kwenye kona pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na umbali kati ya alama hizo mbili lazima uwe mita 5 kamili. Halafu hakikisha kwa kupima mshazari, kona hadi kona. Kwa nyumba hii kila mshazari ni mita 9.60. Ikitofautiana, usianze kuchimba.

Miti

Miti ya mikoko si aina moja. Kwa kujengea, mkoko wenyewe, msinzi na mkandaa ndiyo migumu na inayonyooka. Mchu ni mti mzuri kwa mataruma, yaani mbavu za chombo cha baharini, lakini usiuchukue kwa nguzo za nyumba, utaliwa. Ukinunua, piga mti kwa mgongo wa panga. Mti mzima unalia kwa sauti kavu na kali. Uliooza ndani unajibu kwa sauti nzito.

Miti huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na majina hufuata unene. Kwa Lamu na soko la Kenya, fito ni chini ya sentimita 4, pau ni kama 4 hadi 8, mazio 8 hadi 11, boriti 11 hadi 14, na nguzo kuanzia 14 kwenda juu. Sehemu nyingine majina yanahama kidogo, kwa hiyo beba futi na upime, usiagize kwa jina peke yake.

Kwa nyumba ya mfano wetu, urefu wa kuta zote za nje na za ndani ukiziunganisha ni mita 45. Hesabu yangu ni hii:

- Boriti za kusimamia ukuta, urefu wa mita 3.3: korija 2 na nusu.
- Nguzo mama mbili, za kubeba mgongo wa paa, urefu wa mita 6.5.
- Boriti za miamba (inayolazwa juu ya vichwa vya nguzo) na mitambaapanya (inayovuka kutoka ukuta hadi ukuta): korija 1.
- Mazio ya makombamoyo, yaani miti ya paa inayoshuka kutoka mgongoni hadi upenuni, urefu wa mita 5.5: korija 2, pamoja na manne ya kona yenye mita 7.
- Pau, za ukutani na za paani: korija 8 na nusu.
- Fito: korija 26.
- Makuti: 1,400, na uongeze 150 ya akiba na ya mgongo wa paa.

Sasa jambo ninalolisema kwa uzito. Mikoko ndiyo kitalu cha samaki na kamba, na ndiyo inayoshika ufuo usiliwe na bahari. Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti za Rufiji na Lamu hadi Omani na nchi za Ghuba kubebea dari za nyumba za huko, na misitu ililipa gharama; Kenya ilikuja kupiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982. Tanzania bara mikoko ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na huruhusiwi kukata bila kibali. Kenya utakwenda kwa Huduma ya Misitu, KFS. Unguja na Pemba anza kwa sheha. Nunua kwa mtu mwenye stakabadhi na hati ya kusafirishia, na uzitunze. Mti wa wizi unaweza kukamatwa ukiwa tayari umeshalipa.

Mimi siku hizi mikoko naitumia pale tu inapohitajika hasa, yaani kwenye nguzo zinazoingia ardhini. Makombamoyo, pau na fito natumia mivinje. Kilifi na Kwale watu wanaipanda mashambani kama zao, inakua haraka, inanyooka kama mkuki, na ni rahisi kuupata wenye mita 6 au 7. Mkaratusi nao unafaa, ila uache ukauke vizuri kivulini, la sivyo unajipinda na kupasuka.

Miti yote ibanduliwe magamba. Chini ya gamba ndipo bungua, mdudu anayetoboa miti, anapotagia, na ndipo unyevu unapojificha. Mvinje na mkaratusi utakaokaa juu ya ardhi uloweke kwa siku kadhaa kwenye maji yenye boraksi na asidi ya boriki, kisha uuanike kivulini. Dawa hii inazuia bungua na mchwa, lakini huoshwa na maji, kwa hiyo haifai kwa nguzo ya ardhini. Oili chafu ya gari mafundi wengi wanaipenda. Mimi nimeiacha. Inashuka ardhini, na ua wa Kiswahili mara nyingi una kisima.

Miguu ya nyumba

Hapa tulia. Ukiharakisha kwingine kote, hapa usiharakishe.

Mti ulio ndani kabisa ya ardhi hauozi upesi, kwa sababu hewa ni kidogo. Mti ulio juu mkavu hauozi. Unaooza ni ule ukanda wa shibiri moja juu na shibiri moja chini ya uso wa ardhi, ambako maji na hewa vinakutana kila siku. Kazi yote ya msingi ni kuukausha ukanda huo.

Anza kwa kuchoma miguu. Lundika moto wa makumbi, uzungushe nguzo taratibu mpaka ganda la nje liwe mkaa wa unene wa kama milimita 3, kuanzia chini hadi sentimita 20 juu ya pale uso wa ardhi utakapofika. Usiiache iungue ikapasuka. Kuchoma peke yake hakutoshi, ila kunachelewesha.

Chimba mashimo ya kina cha sentimita 60. Ya nguzo mama yawe 75. Weka nguzo kwenye kona zote, kila ukuta wa ndani unapokutana na wa nje, pande mbili za kila mlango, kisha jaza katikati kwa umbali wa mita moja hivi. Chini ya kila shimo tandaza kokoto au vipande vya matumbawe, unene wa sentimita 10, uvishindilie kwa mtaimbo. Juu yake weka jiwe bapa, na juu ya jiwe simamisha nguzo. Zungushia mawe madogo na changarawe, shindilia tabaka kwa tabaka. Udongo uliochimbua usiurudishe shimoni; unashika maji kama sponji.

Kuna mafundi wanaomwaga zege chini na pembeni mwa nguzo wakidhani wameimarisha. Wametengeneza kikombe. Maji yanateremka na mti, yanaingia kwenye mwanya kati ya mti na zege, na hayana pa kutokea. Nguzo ya namna hiyo huoza mapema kuliko iliyosimama kwenye kokoto tupu. Kama lazima utumie saruji, iwe kola ya juu tu, na chini mguu ubaki umekaa kwenye kokoto.

Simamisha nguzo za kona kwanza, uzipime kwa timazi pande mbili, uzishikilie kwa miti ya mshazari. Funga kamba kati yake, kisha zifuatishe nyingine. Vichwa vyote viwe mita 2.7 kutoka ardhini, na usawa uutafute kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Maji hayadanganyi hata kiwanja kikiwa na mteremko.

Baada ya nguzo, jenga tuta la mawe kati yake na kuzizunguka: mawe ya matumbawe kwa chokaa na mchanga, upana wa sentimita 40, kimo cha sentimita 45 kutoka ardhini. Sehemu ya nje iwe na mteremko, maji yakigonga yatiririke nje. Ukuta wa udongo utakaa juu ya tuta hili na hautagusa ardhi hata sehemu moja. Pau za ukutani nazo zitasimama juu ya tuta, bila kuingia ardhini. Ndani jaza kifusi, shindilia, inua sakafu ikaribie kimo cha tuta. Kwa tuta hili umempa mchwa njia ndefu ya wazi: akitaka kupanda atajenga mfereji wake wa udongo juu ya mawe, na wewe utauona na kuubomoa.

Miamba na makombamoyo

Vichwani mwa nguzo laza miamba ya ukuta, boriti baada ya boriti. Kama nguzo ina panda, yaani kichwa kilichogawanyika mara mbili, mwamba utakaa ndani ya panda. Kama haina, chonga kwa tezo mwanya wa mviringo uliolingana na unene wa mwamba, kina cha sentimita 3 au 4. Maungio ya boriti mbili yaangukie juu ya nguzo, kamwe yasiangukie hewani. Mkoko ni mgumu na hupasuka ukipigiwa msumari, kwa hiyo toboa kwanza kwa keekee au drili, kisha piga msumari, halafu ufunge kwa kamba ya usumba au waya. Nyumba za wazee zilifungwa kwa kamba tupu, zikayumba na upepo bila kuvunjika. Msumari peke yake hauna huruma hiyo.

Kwenye kila kona ya nyumba weka mti wa mshazari ndani ya ukuta, kutoka chini ya nguzo moja hadi juu ya jirani yake. Nyumba nyingi zinazoinama zilikosa mti huu mmoja.

Mitambaapanya ipite juu ya miamba kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, ikizishika kuta zisisukumwe nje na uzito wa paa. Ile ya kufuata kuta za ukumbi usiiache kwa vyovyote.

Makuti yanataka mwinamo mkali. Chini ya nyuzi 40 maji yanazubaa na majani yanaoza. Mimi hutumia 45. Kwa mwinamo huo, kila mita moja unayokwenda ndani unapanda mita moja. Nyumba yetu ina mita 6 kwenda nyuma, nusu yake ni 3, hivyo mgongo wa paa utakuwa mita 3 juu ya miamba, sawa na mita 5.7 kutoka ardhini. Na hii ndiyo ile faida niliyoitaja: ukiezeka vipaa viwili (mbele na nyuma) na visusi viwili (ubavuni) kwa mwinamo mmoja, mgongo wa juu unabaki na urefu wa mita 1.5, upana uleule wa ukumbi. Nguzo mama zako mbili zinasimama ndani ya kuta za ukumbi, pale zinapokutana na kuta za kugawa vyumba, zinapanda moja kwa moja hadi kwenye mwamba wa kati, ule wa mgongo wa paa, na hakuna chumba kinachopoteza nafasi.

Simamisha makombamoyo manne ya kona kwanza, kutoka ncha za mwamba wa kati hadi kwenye kona za nyumba. Kisha jaza mengine kwa umbali wa sentimita 75. Yote yapitilize ukuta ili upenu utokeze sentimita 80. Upande wa kusi, yaani kusini, uongeze hadi mita moja, maana mvua ya masika hupiga kutoka huko. Baadhi ya watu hukata upenu ili kuokoa makuti hamsini, na wanalipa kwa ukuta mzima.

Juu ya makombamoyo funga pau kwa mlalo, kila sentimita 60. Juu ya pau funga fito zinazopanda kutoka upenuni kwenda mgongoni, kila sentimita 30. Kuti lina kijiti chake kinacholala, kwa hiyo linahitaji fito zinazopanda ili lifungwe mahali pawili au patatu.

Kuezeka

Ya kuezekea ni makuti ya viungo. Yale ya kumba, yaliyosukwa, ni ya ua. Majani ya mnazi hukunjwa na kushonwa juu ya kijiti kilichopasuliwa kutoka kwenye upongoo, kuti moja likiwa na urefu wa kama sentimita 70. Unaponunua linyanyue uangalie juani. Ukiona mwanga mwingi kati ya majani, limeshonwa kwa uchoyo.

Anza upenuni, panda kwenda juu. Safu ya kwanza iwe ya makuti mawili mawili. Kila safu inayofuata ipande sentimita 10 tu juu ya iliyotangulia. Hapa ndipo wenye nyumba na mafundi wanapogombana, kwa sababu ukiachanisha sentimita 15 unaokoa theluthi ya makuti, na paa kwa macho ni lilelile. Tofauti utaiona mwaka wa tatu. Kwa sentimita 10 makuti hukauka upesi baada ya mvua, kwa kuwa maji hayapiti tabaka za juu. Viungo vya safu moja visikae juu ya viungo vya safu ya chini yake. Mgongoni laza makuti yakikumbatia pande zote mbili, uyabane kwa fito za juu na kamba.

Ukiamua kuezeka bati, mwinamo unaweza kupungua, lakini joto litaongezeka na upepo utakuwa adui mpya. Makuti hupitisha upepo, bati huubeba. Kila kombamoyo lifungwe kwenye mwamba, na mwamba kwenye nguzo, kwa waya mnene.

Fito za ukuta

Paa likiwa juu, una kivuli cha kufanyia kazi. Acha nafasi za milango na madirisha, ukiweka miimo na vizingiti vya mbao ngumu. Mkongo, ambao Wakenya wanauita mbambakofi, ni bora ukiupata. Kisha simamisha pau tatu kati ya nguzo na nguzo, chini zikae juu ya tuta, juu zifungwe kwenye mwamba. Funga fito kwa mlalo nje na ndani, kila sentimita 15. Fito za nje na za ndani zisilingane kimo. Zikipishana, udongo unashikana vizuri zaidi katikati.

Mabomba ya nyaya za umeme yapite sasa, kabla ya udongo.

Kukandika

Udongo mwekundu wenye mchanga ndio mzuri. Mfinyanzi mtupu utapasuka vipande. Mchanga mtupu utamwagika. Chukua chupa inayoonyesha ndani, jaza udongo theluthi moja, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache siku nzima. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukiwa kati ya sehemu moja ya tano na moja ya tatu, umepata. Ukizidi, ongeza mchanga. Udongo wa kichuguu kilichohamwa ni mzuri sana kuchanganyia.

Usichimbe udongo karibu na nyumba. Wengi hufanya hivyo, na shimo linageuka dimbwi linalolowesha miguu ileile uliyohangaika kuikausha.

Loweka udongo siku mbili, changanya na nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kiganja, ukanyage kwa miguu mpaka ufanane kote. Kazi hii ni ya watu wengi. Sisi kwetu tunaitana msaragambo: vijana wanakanyaga, wengine wanachota maji, wengine wanakandika, na mwenye nyumba anapika. Wawili wasimame kila upande wa ukuta, mmoja ndani mmoja nje, na watupe matonge kwa pamoja ili yakutane katikati. Mtu akikandika peke yake anaacha mifuko ya hewa, na panya wataipata. Ukuta ukamilike ukiwa na unene wa sentimita 15 hadi 20, fito zote zimefunikwa.

Uache wiki tatu. Utapasuka, na usiogope, umekusudiwa upasuke. Nyufa hizo ndizo zitakazoshika tabaka la pili. Lowesha ukuta kwa maji, kandika tabaka jepesi la udongo uliochekechwa, wenye mchanga zaidi, ukishindilia ndani ya nyufa kwa kidole gumba. Likikauka, siriba kwa chokaa na mchanga.

Usipige lipu ya saruji juu ya udongo. Najua inapendeza. Saruji haipumui na haitanuki sawa na udongo. Unyevu unabaki nyuma yake, na baada ya masika mawili inabanduka kama gamba, ikiondoka na nusu ya ukuta. Chokaa inapumua. Ukinunua chokaa isiyozimwa, izime mwenyewe kwa uangalifu mkubwa: tia chokaa kwenye maji, usimwage maji juu ya chokaa, kaa upande upepo unakotoka, vaa miwani na glavu, na watoto wawe mbali. Inachemka na inaweza kupofusha. Ikizimika, iache ndani ya maji wiki kadhaa ilainike ndipo uitumie.

Mwanya kati ya ukuta na paa unapoza nyumba, na pia ndio mlango mkuu wa mbu wa malaria. Usiuzibe kwa udongo. Uzibe kwa wavu, nyumba nzima, na madirisha vivyo hivyo.

Mvua ya kwanza

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, toka nje na mwavuli na kijiti. Zunguka nyumba. Angalia matone ya upenu yanaangukia wapi: yakianguka chini ya nusu mita kutoka kwenye tuta, weka alama, sehemu hiyo upenu utaongezwa. Pale yanapoangukia, chimba mfereji wa kina cha shibiri, ujaze kokoto, uuelekeze mbali na nyumba. Angalia kama tope linarukia ukutani. Likiruka, tandaza kokoto au panda nyasi fupi. Kisha rudi kila mwaka, mwishoni mwa Februari, na kisu chembamba. Chomeka kwenye kila nguzo pale inapotokeza chini. Kisu kikiingia kwa urahisi zaidi ya nusu sentimita, fukua nguzo hiyo, ishikilie kwa mti wa mshazari, ukate mguu ulioharibika na uunge mpya wa mkoko kabla jirani zake hazijaanza kubeba mzigo wake.